Mama Kaikimbia Senta

"…pembeni, shoga! Mama yangu mzazi kaenda kukaa pembeni, na mimi hapa bado siamini!

Ngoja nifunge mlango wa chumba, nisisikike. Haya. Unajua tangu baba afariki, kila mwaka tunakwenda studio kupiga picha ya familia. Mama anakaa katikati, kaka kulia, mimi kushoto, tumembana kama nguo kwenye sanduku. Leo mpiga picha akasema, 'Mama, ingia senta.' Mama akamtumbulia macho. Nami, msomi wenu, nikamfafanulia: 'Ni pale katikati, mama, ambapo wengine wote wanapategemea.'

'Ndiyo maana mgongo hauishi kuniuma,' akasema, akaburuta kiti mpaka mwisho wa zulia. 'Senta kaa wewe.'

Nikaanza kuunganisha mambo. Manukato mapya. Simu inayolazwa kifudifudi. Kicheko cha peke yake jikoni. Ukimuuliza, 'Nimekumbuka kitu tu.' Kitu gani hicho, kama hakina ndevu?

Mpiga picha akachungulia kamera. 'Mama, ubavuni kwako, upande wa nje, pamebaki uwazi. Nipaondoe kwenye picha?'

'Paache.'

'Unamwachia nani?' Kaka yangu hana breki.

'Wewe cheka, unapigwa picha.'

Basi nikakaa pale kati, na nakwambia, shoga, pale si pazuri. Kaka kaniegemea huku, mama kanishika mkono kule, taa inanichoma usoni. Huwezi hata kujikuna bila familia nzima kutikisika. Miaka yote hiyo mama alitabasamu akiwa kabanwa hivyo, nasi tukijua amestarehe! Nikauachia mkono wake, taratibu. Macho ndiyo sikuyabandua kwake. Sijawa malaika.

Sasa sikia. Tumerudi nyumbani, hatujavua hata viatu, hodi mlangoni. Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu mzima. Mama kakimbia kufungua, shoga, kakimbia! Mwenye mgongo! Unamsikia mama huyo? Anacheka. Mimi nilikuwa nimekisahau kicheko hicho.

… Abee, mama? … Ananiita nikamsalimie mgeni.

Nimeshika kitasa. Sijui nimpe shikamoo au nimkazie macho tu. Nakata simu, mpenzi. Kesho ukiamka nipigie, nikwambie mdomo wangu uliamua nini."