Vitu Vinne kwenye Kipande cha Boksi

Duka la spea ni langu. Gereji iliyo nyuma yake ni ya baba mkwe wangu, na katikati kuna mlango wa bati ambao mchana kutwa uko wazi. Akihitaji kitu, yeye si mtu wa maneno mengi. Anachana kipande cha boksi la chujio la oili, anaandika kwa penseli inayokaa sikioni mwake, anakiweka kaunta na kurudi kazini. Mimi nampigia mwenye gari, namtajia bei, na nikishauza nakichoma kile kipande kwenye msumari nyuma ya mlango. Vinakaa pale mpaka msumari ujae, kwa sababu wateja wana tabia ya kuja baada ya miezi mitatu wakikana kitu walichonunua kwa mikono yao wenyewe.

Nayasema haya mapema ili ujue kwamba ushahidi ulikuwepo. Ulikuwa unaning'inia nyuma ya mgongo wangu siku zote, na mimi nauza plagi kama sina habari.

Siku hiyo mwalimu wa hesabu, mteja wetu wa miaka, aliacha gari asubuhi akawahi shule. Alitaka abadilishiwe mkanda wa taimingi. Kwa asiyeujua, ni mkanda wa mpira wenye meno, umefichwa mbele ya injini chini ya vifuniko. Ndio unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, ili pistoni ikipanda iikute valvu imeshaipisha. Mkanda ukikatika au ukiruka, vinagongana humo ndani, na hapo hakuna cha samahani.

Mkanda wenyewe si ghali. Shughuli ni kuufikia. Injini inaegemezwa kwa jeki, inafunguliwa upande mmoja, puli inatoka, vifuniko vinatoka, karibu siku nzima inaisha. Ndiyo maana fundi mwenye akili, akishafika huko ndani, anabadilisha na majirani zake wote: rola ya kukaza mkanda, rola ya kuuongoza, na pampu ya maji, maana nayo inazungushwa na mkanda huohuo. Kimoja kikikwama, mkanda unaondoka nacho. Seti nzima inafika mara nne ya bei ya mkanda peke yake, na watu wakitajiwa wanashika kichwa.

Baba mkwe aliandika vitu vinne. Mkanda. Rola ya kukaza. Rola ya kuongoza. Pampu ya maji. Mwandiko wake mkubwa, kama wa mtoto wa darasa la pili anayebonyeza penseli.

Mimi dukani nilikuwa na mkanda tu. Vile vingine vilikuwa njiani, wiki moja hivi. Na ng'ambo ya barabara kuna yule jirani yangu anayeuza kila kitu chini ya jua, anayekaribisha wateja wangu kwa viti vya plastiki na soda baridi. Nilijua nikimtajia mwalimu vitu vinne na kumwambia vitatu sina, atavuka barabara, atanunua vyote huko, na hatarudi tena kwangu hata kwa balbu. Wivu ulinipanda. Nikampigia simu.

"Mwalimu, mkanda wako upo."

"Nitajie bei, lakini subiri kwanza niketi," akasema.

Nikamtajia bei ya mkanda. Akafurahi mpaka akanishukuru. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata mistari mitatu ya chini, nikakichoma kipande kwenye msumari. Nilijiambia rola zake labda bado nzima. Mimi, ambaye sijawahi kufungua hata boliti ya tairi!

Alasiri sauti ikaja kutoka gereji, duka limejaa watu. "Mkwe! Rola ziko wapi? Na pampu?"

Ningeweza kusema sina. Ningeweza kusema nitaagiza. Neno moja tu la kweli lingetosha. Lakini wateja watatu walikuwa wamenikodolea macho, mmoja wao mpambe wa yule jirani wa soda, na mdomo wangu ulishatangulia.

"Hukuandika, baba. Uliandika mkanda tu."

Nikasikia spana ikiwekwa chini. Kisha akatokea mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa cheusi kwa grisi. "Sikuandika?"

"Hukuandika."

Akanitazama, si kwa kunishuku. Mwezi uleule alikuwa amezunguka nyumba nzima akitafuta miwani aliyokuwa ameivaa, na sote tulimcheka mpaka machozi, naye akacheka. Sasa akacheka tena, kidogo. "Basi nimeanza," akasema. "Hapo dukani hakuna?"

"Mpaka wiki ijayo."

"Na ng'ambo?"

"Sidhani kama anazo." Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Mwalimu alilitaka gari jioni hiyo, kesho yake alfajiri ampeleke mama yake hospitali mji wa pili. Baba mkwe akazizungusha rola za zamani kwa kidole, akaziinamia na sikio. "Zinalalamika kidogo," akasema. "Zitavumilia. Mwambie mwalimu arudi mwezi ujao tumalizie, ufunguaji simdai tena." Nikasema sawa. Sikumwambia mwalimu. Ningemwambiaje bila kueleza kwa nini hazikuwekwa tangu mwanzo?

Mwezi ujao ukapita, na mingine mitatu. Rola ikakwama mwalimu akiwa anapanda kilima cha kwenda shuleni. Alisikia mlio kama wa sufuria inayoanguka, taa zikawaka zote kwenye dashibodi, injini ikanyamaza. Yeye hakuumia, namshukuru Mungu kwa hilo. Gari likavutwa kwa kamba mpaka gereji. Baba mkwe akafungua. Kati ya valvu kumi na sita, kumi na moja zimepinda.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilidhani sasa atasema, rola hizi niliambiwa hazipo, au atamuuliza mwalimu kwa nini hakurudi. Hakusema wala hakuuliza. Alimwambia mwalimu, wima, mikono nyuma kama mwanafunzi: "Kosa ni langu. Nilisahau kuandika rola. Kazi ya kutengeneza yote ni juu yangu."

Mwalimu, aliyekuja amefura, akapoa. "Fundi, binadamu husahau," akasema.

"Fundi hasahau rola," baba mkwe akajibu.

Mimi nikarudi kaunta kupanga boksi za breki ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Nafsi inanisuta. Nilijiambia litapita, wazee husahau, atachekwa wiki moja yaishe. Halikupita.

Alianza kuandika kwenye kiganja. Nilikiona akipokea kikombe cha chai: *gesi, mlango, dawa*. Mama mkwe akaniambia kwamba mzee anatoka kitandani mara tatu kuangalia kama jiko limezimwa, jiko ambalo hata hakuliwasha yeye. Akaacha kuendesha pikapu yake. Siku moja nikamkuta anafuta spana zake moja moja na kuzipanga kwenye sanduku kwa ukubwa. Nikamuuliza, "Baba, unasafiri?"

"Nikimaliza la mwalimu nafunga," akasema. "Nimeshika magari ya watu miaka thelathini na mitano. Sitaki siku moja nisahau boliti ya usukani, watu wafe."

Jumapili mume wangu akaleta hoja mezani, mzee akiwa ametoka kidogo. Ampeleke hospitali kubwa akapimwe kichwa. Mama mkwe akalia, akijifuta kwa pembe ya kanga. Mume wangu akanigeukia: "Wewe unashinda naye. Umeona nini kingine?"

Ningejibu nini hapo! "Sijaona kitu," nikasema, na lile ndilo neno pekee la kweli nililolisema wiki tatu zile tangu gari livutwe.

Tena usidhani nilikuwa nalala. Nilikuwa nachukia kila mtu. Nilimchukia mwalimu kwa ubahili wake ambao hata hakuuonyesha safari hii. Nilimchukia jirani wa soda. Nilimkasirikia mzee mwenyewe, kwamba mtu mzima anakubali vipi kirahisi hivyo kuambiwa kichwa chake kimeharibika. Jibu nililijua. Alikubali kwa sababu nilimwambia mimi, na mimi aliniamini.

Kilichonimaliza ni binti yangu wa miaka sita. Babu yake ndiye aliyekuwa akimpeleka shule kila asubuhi kwa miguu, wanahesabu mbwa njiani. Jumatatu nikamkuta amekaa kizingitini na begi mgongoni.

"Babu yuko wapi?"

"Babu amesema hanipeleki tena. Anasema anaweza kunisahau njiani." Akaniangalia. "Mama, babu atanisahau?"

Nilimpeleka mwenyewe, sikuhesabu mbwa hata mmoja. Niliporudi nikafungua duka, na kabla ya kugeuza hata kibao cha mlangoni nikauvua msumari mzigo wote, nikavitawanya vipande kaunta. Nilikikuta karibu na chini. Vitu vinne vya penseli, mistari mitatu nyekundu.

Nikapita mlango wa bati.

Alikuwa kwenye meza yake ya kazi, amezipanga zile valvu zilizopinda juu ya gazeti. "Shikamoo baba," nikasema, japo tulishasalimiana asubuhi.

"Marahaba. Kuna mteja?"

"Hakuna." Nikamwekea kipande mbele yake.

Akashusha miwani kutoka kipajini. Akasoma polepole, kidole kinafuata mstari. Mkanda. Rola ya kukaza. Rola ya kuongoza. Akafika kwenye pampu, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akageuza boksi akaona tarehe, maana huwa anaandika tarehe nyuma.

"Niliandika," akasema.

Akakisogeza karibu na macho.

"Mwandiko wangu huu! Niliandika!" Akasimama, kiti kikaanguka. Nyumba ipo nyuma tu ya uzio wa gereji, akapaza sauti mpaka nikashtuka: "Mama watoto! Njoo uone! Niliandika rola! Zote nimeziandika!" Anacheka, anaipiga meza kwa kiganja, valvu zinarukaruka kwenye gazeti. "Na pampu! Hata pampu nimeandika! Wallahi mimi mzima!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Nilikuwa nimejiandaa atanifukuza, ataniita majina, atamwita mwanawe. Kwa furaha ile sikuwa nimejiandaa. Hakuwa hata ameiona kalamu nyekundu.

"Baba," nikasema. "Angalia mistari."

Akaangalia. Cheko likamwisha taratibu. "Nani kakata?"

"Mimi. Sikuwa nazo dukani. Niliogopa ataenda ng'ambo. Uliponiuliza nikakwambia hukuandika, na nilijua uliandika. Na mwalimu sikumwambia arudi."

Akaokota kiti, akakaa. Nilisikia kandambili za mama mkwe zinakuja upande wa uzio.

"Wiki tatu," akasema, sauti ya chini kabisa, "kila nikiamka, kabla sijafumbua macho, nataja majina ya wajukuu wangu. Wote saba. Nione kama bado wapo."

Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya oili. Nililia, nikasema nisamehe baba, nikasema maneno mengi ambayo siyakumbuki. Hakunifokea. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja tanki lijae.

"Utamwambia mwalimu mwenyewe," akasema.

"Nitamwambia."

"Na mama yako huyu, na mumeo."

"Nitawaambia."

Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, anatweta, anatabasamu, anauliza kuna nini jamani. Nikamweleza nikiwa bado chini. Tabasamu lilimtoka, akageuka akarudi nyumbani bila kunijibu. Mpaka leo ananisalimia, tena vizuri, lakini chai haninyweshi kwa mkono wake. Mume wangu alikaa siku nne haniongeleshi. Mwalimu ndiye niliyemwogopa kidogo kuliko wote, na ndiye aliyenikata vibaya: alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeniambia vitu vinne, ningelipa vinne. Ni gari ninalopandishia mama yangu." Valvu, gasketi, mkanda, rola, pampu, vyote nilivitoa mimi, na vile nisivyokuwa navyo nilivuka barabara nikavinunua kwa jirani wa soda. Alinikaribisha kiti. Nilikaa.

Baba mkwe hakufunga gereji. Spana zimerudi ukutani, na asubuhi yeye na binti yangu wanaondoka pamoja, mbwa wanahesabiwa. Kiganja chake ni cheusi kwa grisi tu, hakina maandishi.

Lakini siku ileile, nikiwa bado nimepiga magoti, alichana boksi jipya akaandika orodha ya injini ya mwalimu, vitu tisa, akanipa. Nilipoinuka kuondoka nikamwona anachana kipande cha pili. Akaandika vilevile, kimoja kimoja, akakikunja na kukitia mfuko wa shati.

Nilidhani ni kwa siku ile tu. Ni mwaka sasa. Kila gari anaandika mara mbili, kimoja ananiletea kaunta, kingine kinakaa kifuani kwake. Ananiletea kwa heshima, ananiita mkwe wangu kama zamani, na mimi nakipokea kwa mikono miwili.