Mke wa Kapteni

Sista alikuwa ameshavua viatu, ameegemea majora ya vitambaa na kufumba macho, akingoja nimsimulie mchezo wa redio ambao safari hii mimi mwenyewe sikuusikiliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yetu. Zamani tulikuwa mashabiki kumi na wawili, kikundi kizima na fulana zake nilizoshona mimi, na kanuni moja tu: aliyekosa sehemu ya Ijumaa husimuliwa Jumamosi, bila kurukwa hata kikohozi. Sista, muuguzi wa zamu za jioni, alikosa kila wiki. Wenzetu wakachujuka mmoja mmoja kama rangi ya kitambaa rahisi. Tukabaki wawili kibandani kwangu, mvuke wa pasi ukielea kwenye jua la alasiri.

Ukweli ni kwamba mchezo ulikuwa umenichosha miaka mingi. Kapteni, shujaa wetu, alikuwa amekufa na kufufuka mara mbili, na machozi yangu yaliishia mazishi ya kwanza. Lakini mazoea yana taabu. Bila Kapteni, Sista angekuja kwangu kufuata nini? Sare zake alipewa kazini. Niliiogopa Jumamosi tupu kuliko nilivyomchoka Kapteni.

"Enhe," akasema, macho bado kayafumba. "Ikawaje?"

Nikaanza kubuni. Nikasema mke wa Kapteni alirudi kutoka kazini akakuta kabati wazi, mume kakunja nguo zake na kwenda, hata kuaga hakuaga. Cherehani ilinguruma polepole chini ya mguu wangu na maneno yakaja yenyewe, laini, kama ndoto ya mtu mwingine. Nikasema alikaa kitandani mpaka kukapambazuka, akitazama hanga tupu.

"Mashati kachukua yote?"

"Yote. Hata yale aliyomshonea."

Ndipo nikasikia nilichosema. Mke wa Kapteni alikuwa rubani. Hata kifungo hakujua kukipachika, na kila shabiki alilijua hilo. Mguu wangu ukasimama.

Sista akafumbua macho.

"Mwenzangu," akasema taratibu, "jana Kapteni kafufuka tena. Mgonjwa wangu wa kitanda cha tatu ana redio. Mwaka wa pili huu nausikiliza mchezo wote wodini."

"Na muda wote huo ukaniacha nikupigie porojo?"

"Ningesema nimeusikia, ningekuja kufanya nini hapa? Mchezo wenyewe una nini siku hizi? Ovyo tu!"

Nilikuwa na haya, na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja. Sista akainuka peku, akaizima pasi iliyokuwa imeanza kuunguza kitambaa cha watu, akaja kuketi kando yangu kwenye benchi la wateja.

"Mumeo kaondoka lini?"

"Jumanne," nikasema.