Gitaa la Tobias na Wenye Vyao

Tobias alipofariki aliacha mjane, binti mmoja, na gitaa la umeme ambalo hata mwizi hakulitaka. Mwizi aliwahi kuingia nyumbani kwao mtaani Umoja mchana kweupe, akabeba redio, pasi na sufuria yenye maharagwe, gitaa akaliacha kochini. Usimlaumu. Lilikuwa zee, limechubuka rangi kila mahali kiwiko cha Tobias kilipopumzika, na mwenyewe, aliyelipigia muziki wa benga katika baa za Makadara ujana wake wote, hakuwahi kulipeleka kwa fundi. Kitu kikiharibika alipachika kingine, chochote kilichokuwa karibu, na mara nyingi kilichokuwa karibu kilikuwa cha mtu.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia, na Jumamosi ndugu na majirani wangekusanyika kumkumbuka. Baada ya hapo Adoyo, mjane wake, angefunga virago arudi nyumbani kwa kina Tobias, Ugenya. Alikuwa na ombi moja tu kwa bintiye Jacklyne, fundi wa simu aliyerithi vidole vya baba.

"Nataka nimsikie mara moja kabla sijaenda," alisema. "Hiyo gitaa yake iseme. Basi."

Jacklyne alimpenda mama yake, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Badala ya kupangusa vumbi na kubadilisha nyuzi, aliamua kulirudisha gitaa jinsi lilivyotoka kiwandani. Alilifungua lote kwenye kibanda chake, akang'oa kila kisichohusika, akavipanga mezani, akapiga picha na kuituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha majirani: "Narudisha gitaa ya Baba original. Oneni takataka zilikuwa ndani!" Adoyo hakuiona. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe wanayoiita kabambe, ya kupiga na kupokea tu.

Wa kwanza kufika alikuwa Kawsar, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara.

"Takataka?" alifoka. "Hicho kishikio cha kuongezea sauti ni cha jiko langu la gesi! Tangu uzaliwe mimi nawasha moto na plaisi!"

Akafuata Wacera, mshonaji wa sare za shule. Kile chuma kilichobeba nyuzi kilikuwa mguu wa cherehani yake, ule unaobana kitambaa. "Watoto wa mtaa huu wamesoma na mkono mmoja mrefu," alisema, "na lawama nikabeba mimi." Ilikuwa kweli. Jacklyne mwenyewe alimaliza shule akiwa amekunja mkono wa kushoto wa sweta.

Mzee Opiyo, mstaafu wa reli, alikwenda moja kwa moja mezani. Aliliokota jino la dhahabu lililokuwa limepachikwa shingoni mwa gitaa kuonyesha mahali pa kidole, akalifuta kwa shati, akalirudisha kinywani. Likakaa sawasawa.

Kilichokosa mwenyewe ni kibanio cha nywele chenye kutu, kilichokuwa kimelehemiwa ndani kabisa kati ya nyaya mbili. Jacklyne alikitupa kwenye kopo la skrubu mbovu.

Ijumaa kazi ilikuwa imekwisha. Vyuma vipya, nyaya mpya, vanishi ya kujiangalia uso. Alilichomeka gitaa kwenye amplifaya na kumpigia mama yake wimbo ambao Tobias alizoea kuufungulia dansi, na hakukosea popote. Adoyo alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Ni nzuri," alisema. "Ya nani?"

Jacklyne alijisikia vibaya mno. Aliona kama amemzika baba yake mara ya pili, safari hii kwa vanishi. Akapita mlango kwa mlango kuomba vile vitu alivyorudisha. Hakuna aliyekataa, ila hakuna aliyekuwa tayari kuachana na chake tena.

"Kishikio hakitoki kwa jiko," Kawsar alimwambia. "Ukitaka, jiko litakuja."

Basi Jumamosi alasiri, mbele ya wageni, jiko la gesi liliwekwa kulia kwa gitaa na kuunganishwa nalo kwa waya, Kawsar akiwa nyuma yake tayari kupandisha sauti. Kushoto ilisimama cherehani, nyuzi zote zimepitishwa chini ya mguu wake, na Wacera amekaa wima. Mzee Opiyo alipiga magoti akaiuma shingo ya gitaa pale pale jino lilipokuwa. Kwa ujuzi wote wa Jacklyne wa umeme, hakuna hata kimoja kilichopaswa kusaidia. Mchungaji aliutazama mtambo ule, akafunga Biblia na kusogeza kiti chake mbali na gesi.

Jacklyne akapiga. Sauti ikatoka nzito, yenye mikwaruzo, wageni wakatazamana: karibu ni yeye. Lakini Tobias hakuwemo. Kawsar akaongeza moto. Bado.

"Usijisumbue, nyathina, mwanangu," Adoyo alisema. "Baba yako alichukua vya watu wote, na wote akawaimba kwa majina. Changu hakuchukua hata uzi. Labda ndiyo maana simsikii."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilimuumiza Jacklyne zaidi. Ndipo akalikumbuka lile kopo. Alikimbia kibandani, akarudi akihema, akamwaga skrubu zote kwenye meza ya chai. Kabla hajakiokota kibanio, mama yake alikuwa ameshasimama.

"Hicho nilikitafuta asubuhi ya harusi yangu," Adoyo alisema polepole. "Niliingia kanisani nywele zimelala upande mmoja. Nikamnunia Akech mpaka leo."

Akech, wifi yake, ambaye kwa sababu hiyo alikuwa akikalishwa nyuma katika kila sherehe, aliruka kutoka kitini. "Nilikuambia si mimi!"

Jacklyne alikilehemu kibanio mahali pake. Alipopiga tena, gitaa likakohoa, likanguruma, kisha likaanza kulalamika kwa ule mkwaruzo ambao mtaa mzima uliujua. Viti vikaanguka. Watu wakacheza.

Katika benga, anayetaka kujisifu huusimamisha muziki kwanza. Kawsar aliusimamisha kwa kuzima jiko. "Mimi Kawsar, mwenye moto!" Muziki ukarudi. Wacera naye akainua mguu wa cherehani. "Mimi Wacera, mama wa mikono mirefu!" Mzee Opiyo alitamani sana kujisifu, lakini angefungua mdomo sauti ingekatika, akabaki akiguna kwa pua.

Adoyo hakuwahi kuusimamisha muziki katika ndoa yake yote. Aliyaona ni mambo ya walioimbwa. Sasa aliinua mkono, na nyuzi zikanyamaza. Alikuwa akilia, na alikuwa akicheka.

"Mimi Adoyo, nyar Alego, binti wa Alego," alisema, akizigusa nywele zake. "Aliniibia mimi kwanza."

Akashusha mkono. "Haya, piga."