Gambuti za Diwani

"Simama, Mheshimiwa," alisema Bosibori, goti lake moja likiwa kwenye tope. "Ukinirushia teke leo, hizo mbio utakimbia na nani?"

Punda alisimama, ingawa si kwa hiari. Jina lake hasa lilikuwa Diwani. Alipewa jina hilo na mzee Obare wa ng'ambo ya ua, aliyesema hajaona mnyama mwingine mwenye sura ya kuwa na shughuli nyingi hivyo huku hafiki popote. Alipohitaji kubembelezwa, Bosibori alimpandisha cheo.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, na mawingu kutoka upande wa ziwa yalikuwa yametanda juu ya Rangwe. Bosibori aliuzungushia mguu wa mbele wa punda kipande cha blanketi, kisha ukanda wa pamba aliouchana kutoka kwenye shuka kuukuu. Akauvuta, akauvuta tena, akapiga fundo. Juu yake akavisha kipande cha gambuti jeusi, kilichokatwa pande zote mbili kikabaki kama bomba fupi, kikapasuliwa ubavuni na kutobolewa matundu ya kamba. Gambuti hizo zilikuwa za marehemu Motari. Mume wake alizivaa akichimba udongo wa matofali, na alipozikwa zilibaki pale mlangoni na matope yake, na hakuna aliyethubutu kuzisogeza. Hata Bosibori hakuthubutu, mpaka wiki hii alipochukua kisu cha jikoni akazikata huku analia.

Alizikata kwa sababu ya mbio za mapipa. Kila mwaka wanawake wa kuuza maji kwa punda walikutana kwenye uwanja wa Rangwe. Mapipa matatu, yale yale wanayoyajaza siku zote, husimamishwa mbali mbali. Mwanamke aliyepanda punda wake hulizunguka kila pipa bila kuliangusha, kisha anarudi mstarini mbio. Watu hucheka mpaka wakakaa chini. Lakini mwaka huu tuzo ilikuwa mkokoteni mpya wa magurudumu ya gari, na hapo Bosibori hakuona cha kuchekesha. Mkokoteni aliokuwa akibebea maji ulikuwa wa shemeji yake, Onchiri, na Onchiri alishasema kwamba mahindi yakianza kuvunwa anaupeleka Migori. Punda asiye na mkokoteni ni mdomo tu, alisema, kwa hiyo Diwani naye angeenda.

Na Diwani alijua kukimbia. Mwaka uliopita aliongoza mpaka pipa la pili. Hapo, katika kukata kona, kwato yake ya nyuma iliukwangua mguu wake wa mbele, ngozi ikachanika, akamaliza mbio akichechemea nyuma ya kila mtu. Kilichomshinda hakikuwa punda mwingine bali miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana ya gambuti.

Mbio zilikuwa Jumapili asubuhi. Mtu mwingine angemfunga punda wake Jumapili asubuhi, yakaisha. Lakini Bosibori alikuwa Msabato, tena shemasi, na Ijumaa kwa Msabato ni siku ya kumaliza kila kitu: kupika, kufua, kupasua kuni, ili jua likizama mikono ipumzike. Mikono yake ilikuwa imeishi hivyo tangu utotoni kule Kisii. Kazi ya Jumapili kuiacha mpaka Jumapili ni wazo ambalo halikumpitia kichwani. Isitoshe, alijiambia, Diwani atalala nazo azizoee, kama mtu anavyozoea viatu vipya nyumbani kabla ya kuvivaa harusini.

"Hujazikaza sana, nyar Kisii?" aliuliza Obare akiwa ameegemea ua. Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, binti wa Kisii.

"Lazima zikaze, mzee. Zikilegea zitamwangusha."

"Haya," alisema Obare, kwa sauti ya mtu ambaye punda si wake.

Bosibori alimaliza na mguu wa kulia, jua likazama, akanawa mikono. Usiku ule mvua ilinyesha kwa nguvu.

Aliporudi kutoka kanisani Jumamosi mchana, gauni lake jeupe la ushemasi likiwa bado na mikunjo ya pasi, alimkuta Obare amesimama pale pale uani.

"Mheshimiwa wako hajakula tangu asubuhi," mzee alisema. "Na hiyo mguu anaiweka mbele mbele, kama mtu anaonyesha njia."

Majani aliyomwekea yalikuwa hayajaguswa. Diwani alikuwa ameinamisha kichwa, mguu wa mbele wa kushoto umetangulizwa, ncha ya kwato ikigusa ardhi kwa shida. Bosibori aliona mara moja. Kitambaa kililowa mvua kikajikaza, na mguu nao ulikuwa umevimba ukamwagikia nje ya gambuti, juu na chini.

"Mbona hukumfungua, mzee wangu?"

"Mimi? Hiyo ni mambo ya Sabato yenu. Niguse kitu yako nikosane na kanisa yote?"

Bosibori alilitazama jua. Lilikuwa bado juu sana, na njiani washiriki walikuwa wakipita kwa vikundi kurudi kwenye ibada ya mchana. Kufunga na kufungua, kuchota maji, kuhangaika na mnyama, hizo zote ni kazi, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wasichana wa kanisa kwamba ni kazi. Akasimama pale na Biblia kwapani, hajui afanye nini.

Kuna yule punda wa kwenye mahubiri, aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato akaopolewa siku hiyo hiyo. Bosibori alikuwa amemsikia maisha yake yote, na siku zote alidhani habari ile inahusu kisima. Sasa aliona inahusu punda.

Alimpa Obare Biblia amshikie juu ya ua, akapiga magoti na gauni lake jeupe kwenye tope. Kamba za gambuti zilifunguka. Fundo la ukanda lilikataa. Alilijaribu kwa vidole, akalijaribu kwa meno, mwishowe akakimbilia kisu. Ukanda ulipokatika Diwani alivuta pumzi ndefu, na mwili wake wote ukatetemeka. Chini ya blanketi kulikuwa na mtaro kuuzunguka mguu, manyoya yamekwisha, na mchanga uliosaga ngozi mpaka ikawa nyekundu. Mguu wa kulia, aliokuwa ameufunga baada ya mikono kuchoka na hivyo hakuukaza sana, ulikuwa na nafuu. Mchanga ule wa kushoto ulikuwa wa Ijumaa. Katika haraka ya kuliwahi jua, hakuupangusa mguu kabla ya kuufunga.

"Ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Si pipa, si kwato. Ni mimi nimemfanyia hivi."

"Ndiyo ni wewe," alisema Obare. "Sasa anataka maji baridi, hataki kilio." Aliiweka Biblia juu ya dirisha la nyumba yake, akachukua ndoo. "Wewe mwagia. Mimi si Msabato, mimi naweza chota."

Basi mzee akawa anachota mtoni na Bosibori anamwaga polepole kutoka goti la punda kwenda chini, ndoo baada ya ndoo. Mama mmoja wa kanisa alipita, akatazama gauni, akatazama tope, akatazama punda.

"Happy Sabbath, shemasi," alisema.

"Happy Sabbath," Bosibori aliitikia, kata mkononi, wala hakuacha kumwaga.

Jumapili asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua, lakini haukuwa umeisha. Onchiri alifika na pikipiki, akaukagua mguu bila kushuka.

"Huyo anatembea," alisema. "Mfunge tena twende. Ni mapipa matatu tu, shemeji, si safari ya Nairobi."

"Akikata kona na huu mguu leo, hatakata nyingine maishani."

"Unajua unachokipoteza?"

"Najua."

"Asante ya punda ni mateke. Wewe unamwonea huruma, na yeye hata hajui."

Bosibori alimkuna punda shingoni. Diwani alikuwa ameegemeza kichwa chake kizito begani mwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku alizopewa chumvi.

"Basi usinilaumu," alisema Onchiri, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, kwa maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hesabu zake. "Mahindi yameiva; mkokoteni nauchukua kesho. Punda nitamfuata wiki ijayo."

Bosibori alikwenda uwanjani kwa miguu, peke yake, ili aliondoe jina lake mashindanoni kwa heshima. Gambuti alizivaa shingoni, zimefungwa pamoja kwa kamba, pamoja na blanketi na shuka alizozifua usiku, baada ya Sabato kuisha. Hakujua kwa nini alizichukua. Labda hakutaka kuziacha mlangoni tena.

Uwanja ulikuwa umekauka kwa jua la jana, watu walikuwa wengi na vumbi lilikuwa jingi. Mwanamke mmoja mnene kidogo, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe mlima wa pili, alimshika mkono.

"Mama, hizo ni nini umevaa?"

"Buti za punda."

"Punda anavaa buti?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. Jina lake lilikuwa Priscilla, Mkuria wa kule karibu na mpaka wa Tanzania, ambaye siku hizi alikuwa akiuza maji Rodi. Alimvuta punda wake, jike la kijivu, akaunyanyua mguu wake wa mbele. Makovu ya kwato yalipangana juu ya ngozi, jipya juu ya la zamani. "Huyu anajikata kila kona. Wa kwako ako wapi?"

"Nyumbani. Nilimfunga vibaya."

"Basi niazime. Nifunge vizuri."

Bosibori hakutaka. Tusimsingizie wema ambao hakuwa nao. Gambuti zile zilikuwa za Motari, na mkokoteni ule pale kwenye kivuli, rangi yake ya bluu haijakwaruzwa, kwa muda wa wiki nzima ulikuwa wake kichwani. Sasa amvishe mwingine akauchukue? Alifungua mdomo aseme hapana. Kisha jike lile la kijivu likauweka mguu chini taratibu, kwa uangalifu wa mnyama aliyezoea kuumia, na Bosibori akajikuta ameshapiga magoti.

Safari hii alianza kwa kupangusa. Alipangusa kwa kiganja, akapangusa kwa upindo wa leso, mpaka hakuna hata chembe ya mchanga. Alilaza blanketi bila mkunjo. Ukanda aliuzungusha kwa mvuto mmoja wa upole, na kila alipofika nusu alipitisha kidole ndani kuona kama kinapita. Kilipita. Ndipo akavisha gambuti na kufunga kamba kwa upande wa nje, mahali ambapo kwato haifiki.

"Ukivuka mstari tu, unashuka unavua," alimwambia Priscilla. "Usisalimie mtu. Usinywe soda. Unavua kwanza."

"Sawa, mwalimu."

Zamu yao ilipofika, jike la kijivu lilitoka kama limeitwa nyumbani. Pipa la kwanza, safi. Pipa la pili, Priscilla akaegemea ndani, vumbi likaruka, na Bosibori akasikia sauti kavu ya kwato kugonga mpira. Punda hakukatisha mwendo hata kidogo. Alilizunguka pipa la tatu na kurudi mstarini masikio yamelala nyuma, na uwanja mzima ukapiga kelele.

Waandaaji wa mbio walikuwa wakimwita Priscilla, mshindi, aje kwenye mkokoteni. Yeye alikuwa chini, amepiga magoti vumbini, anafungua kamba. Ngozi ilikuwa kavu na nzima. Kwenye gambuti, ubavuni, kulikuwa na alama ya kwato.

"Hii ingekuwa mfupa," alisema taratibu. Alipitisha kidole juu ya alama ile. "Dada, mimi niko na mkokoteni mzee kwa nyumba. Magurudumu inalia mpaka watu wa Rodi wananijua kabla sijafika. Siwezi vuta mbili. Nitengenezee hizi buti, za mbele na za nyuma, nikuletee huo."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Iwe kabla jua halijazama."

"Nyinyi Wasabato na jua," alisema Priscilla, akacheka, akaenda kuchukua mkokoteni wake.

Onchiri aliuchukua wake kama alivyosema. Wiki ile Bosibori alibeba maji kichwani kwa wateja wachache wa karibu, na jioni alikaa mlangoni akikata gambuti kuukuu alizookota kwa majirani. Zile za Motari hakuzikata tena. Kila asubuhi na kila jioni aliumwagia mguu wa Diwani maji, akautembeza mkono juu yake kutafuta joto, na joto likawa linapungua.

Ijumaa alasiri alikuwa amemaliza kila kitu. Buti nne mpya zilining'inia uani zimefungwa kamba, na zile za Motari kando yake. Miguu ya Diwani ilikuwa mitupu.

"Hapo manyoya ikirudi itarudi nyeupe," alisema Obare, akiuonyesha mtaro kwa fimbo. "Pete mzima. Kila mtu ataiona."

"Waione," alisema Bosibori.

Jua lilikuwa limeshuka, limebakiza upana wa kiganja juu ya paa la mzee. Njia ya Rodi ilikuwa tupu kwa muda mrefu sasa, na Bosibori alikuwa amejikataza kuitazama. Alimtazama punda badala yake. Diwani alikuwa anatafuna, miguu yake ya mbele yote miwili imesimama sawasawa, hakuna uliotangulia mwenzake.

Mara aliacha kutafuna na kuinua masikio. Bosibori hakusikia kitu. Obare naye hakusikia kitu. Kisha, mbali, nyuma ya kona, gurudumu likaanza kulia.