Mfuniko wa Miezi Kumi

"Ipige kofi," nyapara wa wachimbaji alisema. "Redio ya mama mkwe wangu haisikii lugha nyingine."

"Hii si redio," Mzee Rula alimjibu kutoka chini ya meza.

Alikuwa amepiga magoti, shavu limekaribia sakafu, akisukuma kichwa cha kebo kwenye tundu lake kwa mara ya nne. Alipoinuka, magoti yalilia kama mlango wa stoo. Juu ya meza skrini kubwa iliamka, ikaandika kwamba haipati kitu kutoka kwenye mashine ya kompyuta, ikalala tena. Ilikuwa ikifanya hivyo tangu saa mbili asubuhi. Jana jioni mashine ilimwomba asiizime kwa kuwa inajisasisha, naye akaitii, akaenda zake nyumbani. Leo ameikuta ina uhai wote, feni inavuma, lakini haimwonyeshi kitu.

"Bibi harusi huyo," alisema karani wa masjala, aliyesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Yumo ndani, ila uso hautoi."

Hii ilikuwa ofisi ya maji, na Mzee Rula ndiye mchora ramani wake. Walimwita Rula kwa kuwa katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuchora mstari uliopinda, labda uwe mto. Bomba lolote lililolala chini ya mji huo, ama alijua limepita wapi, ama alijua ramani yake iko wapi. Karatasi za zamani zililowa siku paa la stoo lilipovuja. Zilizobaki ni picha zake, na zote zilikuwa ndani ya mashine ile moja. Na leo, nyuma ya hospitali, katapila la kuazima kwa siku moja lilikuwa limeinua meno, likingoja kuambiwa kama bomba la wodi ya wazazi limepita kushoto au kulia kwa barabara.

"Tukichimba kwa kubahatisha," nyapara alisema, "tutawakatia maji waliojifungua leo. Mimi sitaki laana za watoto wachanga."

Kampuni inayotunza mashine za ofisi ilipigiwa simu. Ikasema Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatatu.

Meneja alichungulia, akatazama saa yake. "Mtafute mtu, mzee. Yeyote."

Mtu alikuwepo, na namba yake ilikuwa bado kwenye simu ya Mzee Rula. Hakuwa ameipiga kwa miezi kumi.

Miezi kumi nyuma ofisi ilikuwa na fundi wake wa kompyuta, waliyemwita Waya kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Mashine hii ni ya kufungua na kufunika kama kitabu, na wakati ule ilikuwa bado ina kioo chake. Siku moja Waya aliifungua tumbo, akasafisha feni, akatia sahihi kwenye daftari la vifaa, akaondoka. Jioni ile ile Mzee Rula alifanya kazi kidogo, akalaza penseli juu ya kibodi, akakumbuka kwamba duka la dawa za mkewe linafungwa saa kumi na mbili, akafunika mashine na kuibana kwa kiganja kama anavyobana sanduku la nguo. Alisikia kitu kikilia ndani. Hakufunua kutazama. Asubuhi kioo kilikuwa kimevuja weusi kama wino.

"Nani aliishika mwisho?" meneja aliuliza.

Daftari lilimtaja Waya. Mzee Rula alikuwa amesimama pale pale, penseli iko sikioni.

"Mimi nimeikuta hivi," alisema.

Maneno matatu. Mkataba wa Waya ulikuwa wa mwaka kwa mwaka. Mwezi ule haukuongezwa, na barua ikataja uzembe. Kabla ya kuondoka aliiunganisha mashine na skrini hii kubwa na kibodi ya pembeni, akaifunika, akasema, "Sasa utayaona mabomba yako vizuri zaidi, mzee wangu." Mzee Rula alijiambia kwamba mtu mwenye ufundi mikononi halali njaa, Ijumaa haitafika kabla hajapata kazi. Yeye alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na nyumbani kuna mke anayeishi kwa vidonge. Alijiambia hayo mara nyingi sana, mpaka yakaisha ladha. Mfuniko wa mashine hakuufungua tena.

Simu iliita mara mbili tu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu." Nyapara alikuwa amemkazia macho. "Skrini imegoma. Mashine ilijisasisha jana."

"Apdeti," Waya alisema, kama daktari aliyetajiwa mafua. Nyuma yake zilisikika honi, na mtu akinadi vifuniko vya simu. "Haya. Weka simu kwenye spika, mikono yote miwili iwe huru. Kazi hii tutaifanya kama vipofu."

Alimwambia achomoe umeme wa skrini, ahesabu hadi thelathini, aurudishe. Hakuna. Akamwambia abane vitufe vinne kwa pamoja, akamwelekeza kimoja kimoja kwa mahali kilipo, si kwa jina, kwa kuwa alimjua mtu wake. "Ukisikia mlio mmoja mfupi, ujue mgonjwa anapumua."

Mlio ulisikika. Nyapara alivua kofia.

"Vizuri. Sasa ifunue."

"Niifunue?"

"Mashine yenyewe. Fungua mfuniko."

Mzee Rula aliutazama. Ulikuwa na vumbi, na juu ya vumbi duara la kikombe. "Ni lazima?"

"Nahisi picha inakwenda huko. Apdeti imefuta mipangilio niliyoiweka. Mashine inadhani bado ina kioo chake."

Alifungua. Weusi ulikuwa umetapakaa kila mahali, ila kwenye kona ya juu kilibaki kipande cha nuru, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Macho yake hayakukaa kwenye nuru. Yalishuka chini, kwenye ufa mmoja mnyoofu, ambao nyufa nyingine zote zilitoka kwake kama vijito.

"Unaona nini?"

"Kuna mwanga kwenye kona. Kipande cha mlima."

"Basi imeamka, ila inaonyesha pasipo na wa kuona. Bonyeza Enter, halafu andika neno la siri. Ni lile lile langu?"

"Sijui kulibadilisha."

"Ofisi ya serikali hiyo," Waya alisema, "na funguo iko kwa muuza vifuniko vya simu." Karani alicheka hadi chai ikamwagika. Mzee Rula hakucheka. Ndiyo kwanza alijua Waya anauza nini.

Aliandika kwa kidole kimoja bila kuona hata herufi moja. Mashine ikapiga kengele yake ndogo ya kumkaribisha mtu.

"Sasa shika kitufe chenye alama ya dirisha, gonga P, achia vyote. Mshale wa chini mara tatu. Enter. Taratibu, hatukimbizwi."

Mzee Rula aligonga. Skrini kubwa ikawaka: milima mitupu na theluji juu yake, bila faili hata moja.

"Ndiyo ramani yenyewe?" nyapara aliuliza. "Mbona mji wetu hauna milima?"

"Umegonga mara mbili," Waya alisema, baada ya kuelezwa. "Hapo mashine imejigawa, na vitu vyako vimebaki upande uliovunjika. Rudia vile vile. Safari hii mshale mara moja tu."

Aligonga mara moja. Faili zake zikaja zote, zikajipanga safu kwa safu, na miongoni mwao ile ya barabara ya hospitali. Aliifungua kabla hata hajakaa kitini. "Kulia," alisema. "Mita nne kutoka ukingo wa barabara. Chimbeni kushoto, mtakuwa salama." Printa kubwa ikaanza kusaga. Nyapara aliinyakua karatasi ikiwa bado na joto, akamwambia yule asiyemwona, "Fundi, Mungu akuweke," akateremka ngazi. Karani akarudi kwenye barua zake.

"Mzee wangu," simu ilisema.

"Naam."

"Ondoa spika."

Aliondoa, akaiweka sikioni.

"Pale chini kuna ufa mnyoofu. Bado upo?"

"Upo."

"Una urefu gani?"

Mzee Rula hakuhitaji rula. "Sentimita kumi na nne."

"Nami niliupima, siku nilipokuwekea skrini. Nilipata hivyo hivyo." Honi zilipita. "Kidole hakiachi alama kama ile. Wala bisibisi yangu."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Nikajiambia, mzee yule ni mtu wa mistari minyoofu, atalala, ataamka, atasema. Wiki ya kwanza nikasubiri. Ya pili nikasubiri." Sauti yake haikupanda, ilikuwa sauti ile ile iliyomhesabia mishale. "Halafu kila ninapoomba kazi wananiuliza niliondokaje hapo. Nawapa barua, wanaisoma, wananirudishia. Nikaacha kusubiri."

"Mwanangu, mimi..."

"Nina mteja, mzee wangu. Usisahau kuifunika."

Simu ilikatika.

Mzee Rula hakuifunika. Aliketi mbele ya skrini mbili, moja inamulika, nyingine nyeusi, mpaka adhuhuri. Kisha akaenda kugonga mlango wa meneja.

Meneja alikuwa anatia sahihi fomu za likizo. "Nasikia umeifufua. Hongera."

"Ile mashine niliivunja mimi," Mzee Rula alisema. "Niliacha penseli juu ya kibodi nikafunika. Waya hakuhusika."

Kalamu ya meneja ilisimama, kisha ikaendelea. "Leo ndiyo umekumbuka?"

"Sikusahau hata siku moja."

"Mzee, funga mlango." Alifunga. Meneja alishusha sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya upole, sauti ya mtu anayemfichia mwenzake aibu. "Faili lile limeshafungwa. Nafasi yake imefutwa, wamekuja kampuni. Hata nikikuamini, simrudishi. Wewe umebakiza miezi kumi na minne. Ukiyasema haya kwa maandishi watayachunguza, na mafao yako yatakaa njiani mwaka mzima. Na mama nyumbani mgonjwa. Maji yameshamwagika. Mimi sikusikia kitu."

"Umesikia."

"Sikusikia, mzee. Nakusaidia."

Alitoka. Kwenye ukumbi alisimama kidogo, akashangaa kuona kwamba alikuwa amepata nafuu. Miezi kumi aliogopa hasira ya meneja, kumbe hasira haikuwepo. Palikuwa na kiti cha kukalia, na mtu wa kumwambia kaa. Nafuu ile ndiyo iliyomtisha. Aliijua. Ndiyo iliyomkaa kifuani asubuhi ile, mara tu baada ya yale maneno matatu.

Alirudi mezani akachukua karatasi. Aliandika kwa mkono. Kwamba aliyevunja kioo ni yeye, kwa penseli, jioni fulani, saa fulani. Kwamba fundi aliiacha mashine nzima. Kwamba anaomba neno "uzembe" liondolewe kwenye barua ya fundi na liandikwe kwenye faili lake yeye. Akaweka sahihi, akaenda masjala.

Katika ofisi ile karatasi isiyo na muhuri ni maneno ya mtu tu. Lakini ikishapigwa muhuri wa kupokelewa, ikaandikwa namba kwenye daftari, hata meneja hawezi kuimeza. Lazima ijibiwe, na nakala iende juu. Karani aliijua kanuni hiyo kuliko wote. Aliisoma barua hadi mwisho, akairudia kutoka mwanzo. Hakuwa na mzaha tena.

"Mzee Rula," alisema, "ikishaingia haitoki."

"Najua."

"Mama nyumbani anajua?"

"Atajua jioni."

Karani alikishika kishikio cha muhuri, akakiweka juu ya karatasi bila kukigandamiza, akamtazama. "Nipige?"

"Piga, dada."

Ulipiga mlio mdogo tu, kama wa kitu kinachofungwa.

Alitoka hadi uani, kwenye kivuli cha matangi, akapiga ile namba. Safari hii iliita muda mrefu.

"Imezima tena?" Waya aliuliza. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake.

"Haijazima."

"Sasa?"

"Nimeandika barua. Kwamba ni mimi. Imepigwa muhuri."

Upepo ulivuma. Chuma kiligonga chuma.

"Sikwambii kwa kuwa itakurudishia kazi," Mzee Rula alisema. "Haitakurudishia. Nimeambiwa."

Chuma kiligonga tena.

"Uko wapi hapo?"

"Juu ya ngazi. Nafunga dishi la watu."

"Basi nitapiga baadaye. Usije ukaanguka."

"Usikate," Waya alisema. "Subiri nishuke."

Mzee Rula aliishika simu kwa mikono miwili. Alisikia mguu ukitafuta kipago na kukipata, kisha mwingine, kisha mwingine, ngazi ikilia kidogo kila mara. Halafu nyayo zikasimama. Hakujua kama amefika chini au amesimama katikati. Alisubiri, macho yakiwa ukutani, upepo wa mahali asipopajua ukimvumia sikioni.