Mafuta ya Mama Nassib

Nilikuwa natengeneza mafuta ya kupaka, na Mpanda nzima ilijua. Nachukua duka la dawa yale mafuta ya maji yasiyo na rangi wala harufu, likwidi parafini, ambayo daktari anampa mtu aliyefunga choo. Nayeyusha nta ya nyuki wanayoleta Wakonongo, namimina mafuta taratibu huku nakoroga mpaka yawe laini, natia marashi kidogo, najaza vikopo. Wapo walionicheka eti nauza dawa ya tumbo. Wacheke! Kiangazi kikishika na vumbi letu hili, hao hao ndio wa kwanza kupiga hodi.

Mwaka tisini na nne mdogo wangu Raya alirudi kutoka Dar amebaki mifupa. Hakuna aliyeuliza anaumwa nini. "Kakanyaga miwaya," walinong'ona, ukimwi hawautaji kwa jina, nikipita wananyamaza. Ngozi yake ilikauka na kumwasha, usingizi hapati. Basi kila asubuhi namwogesha, na kabla maji hayajakauka mwilini nampaka mafuta, miguu kwanza, halafu mikono, halafu analala kifudifudi nampaka mgongo. Mgongo ndio aliungoja. Anafumba macho, anapumua.

"Dada," aliniambia siku moja, "tangu Dar hakuna mtu aliyenigusa. Wewe tu."

Nikamwambia aache kudeka. Nilikuwa nataka kulia.

Minza, mama wa Kisukuma wa Kabungu, alikuwa akinichukulia mzigo wa kwenda kuuza minadani. Siku moja alisimama mlangoni, kikapu kitupu, haingii.

"Mayu, usikasirike," akasema. "Wenzangu wanauliza. Mgonjwa unampaka kwa mikono hiyo hiyo?"

"Kwani ulitaka nimpake kwa miguu?" Mdomo ninao, sikatai. Nikamtukana yeye na kikapu chake, akaondoka. Wiki nzima hakuna aliyepiga hodi. Mafuta yakakaa kwenye sufuria, nami nikakaa nayatazama. Hasira zilipopoa, ikaingia hofu. Nilikuwa mjane mwenye watoto, na kila nilichopika nyumbani kwangu, pamoja na uji wa Raya, kilitoka kwenye mafuta yale.

Jumamosi Minza akarudi na wenzake wawili. Hawakusalimia vizuri, walikuja kuchungulia. Raya nilikuwa nimeshamwogesha, amelala kifudifudi chumbani, ananisubiri.

Shetani gani alinipitia sijui. Nilichukua mifuko miwili ya nailoni, ile ya rambo, nikaivaa mikononi, nikaifunga kwa uzi kwenye viwiko vya mikono. Nikaacha mlango wazi makusudi, wale wanawake waone. Nikaanza kumpaka.

Ile mifuko inapiga kelele, nyie. Raya akageuza shingo. Akaitazama mikono yangu, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Una wateja, dada?"

"Ninao."

"Basi fanya haraka, wasikusubiri."

Akarudisha uso kwenye mto. Minza alinunua vikopo kumi na viwili, na wenzake wakabeba vilivyobaki.

Wateja walipoondoka nilirudi na mikono mitupu. Raya alikuwa amekaa, kanga ameifunga hadi shingoni. "Nimeshajipaka," akasema. Kesho yake vilevile, nimeshajipaka. Nikamwomba msamaha, nikapiga magoti, nikamwambia mimi mpumbavu, niwekee mgongo nikupake. Akanishika kichwa. "Hujanikosea kitu, dada. Wewe una watoto." Alisema hivyo kwa upole, na hakunipa mgongo tena. Siku arobaini na moja. Nilizihesabu zote.

Akafa Ijumaa, jua halijapanda.

Waoshaji walikuja na glavu. Bi Rabia, mkubwa wao, akanipa jozi moja. Nikamwambia sivai. "Vaa, mama Nassib, hali yenyewe unaijua." Sikuvaa.

Miguu ya Raya ilikuwa inang'aa. Mikono, kifua, shingo, kote alijipaka vizuri, mtoto msafi yule. Halafu tukamgeuza. Mgongo ulikuwa umepauka, mweupe wa ukavu, umepasukapasuka kuanzia mabegani hadi kiunoni, kote ambako mkono wake haukufika. Yowe nililopiga walilisikia hadi barabarani.

Tukamwosha. Maji yalipokuwa bado mgongoni, nikaweka kiganja changu pale. Ngozi ilikuwa ya baridi.

"Nileteeni kikopo," nikasema. "Kipo hapo dirishani. Upesi, hajakauka."

Bi Rabia akaushika mkono wangu, akauondoa taratibu.

"Maiti hapakwi hayo, mama Nassib," akasema. "Sasa hivi ni kafuri tu."