Mkuyu wa Juu ya Paa

Mzee Mwinshehe wa Ujiji alipolinunua lile jengo bovu la sinema, mjini Kigoma tulimcheka. Ukumbi chini, vyumba vya wageni juu, popo kila mahali, na juu ya paa la saruji mkuyu mzima umeota kana kwamba ardhi imekwisha. Akasema litarudi kuwa zuri kama zamani. Mimi nilipewa kazi ya kuwapikia mafundi. Mpishi haombwi maoni, kwa hiyo nilikuwa nikiyatoa bila kuombwa.

Ilikuwa miaka ile Warundi wakishuka bandarini kwa makundi, wakikimbia vita. Mmoja wao, Niyibizi, alikuwa fundi wetu wa lipu. Mpole mno, hadi aliniudhi. Wenzake wakila kwa mizaha, yeye huchukua sahani akapanda paani, akakaa chini ya mkuyu kutazama ziwa.

Siku moja nikamfuata. "We Niyibizi, huko chini tunanuka?"

Akatabasamu. "Hapana, mama Wema. Namsubiri mke wangu."

Walipotezana njiani. Yeye aliwahi kufika Kigoma kuuza mawese, basi siku ya kukimbia akamwambia mkewe, Aurore: tukitengana, nenda Kigoma, utaona nyumba yenye mkuyu juu ya paa, utanikuta hapo. Kambini alishamtafuta. Hayupo.

"Hukumpa jina la jengo? La mtaa?"

"Kwetu mlimani nyumba inajulikana kwa mti wake, mama. Mwenye nyumba anakufa, mti hauguswi. Sikujua kama huku mti wa nyumba unakatwa."

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Mume wangu amezikwa Rusimbi, nikimkumbuka najua pa kwenda. Niyibizi hakuwa na hata kaburi.

Kisha mizizi ikaonekana imepasua ukuta wa jukwaani. Mzee Mwinshehe akaamua mti uondoke. Nikamwendea.

"Shikamoo, Mzee. Uacheni kidogo tu, mke wa Niyibizi huenda yuko njiani."

"Mama Wema, watu watakaa chini ya ukuta ule na watoto wao."

Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa kuwa na haki. Niyibizi mwenyewe alipitisha vidole kwenye ule ufa, akasema kwa lugha yao, "Nta kundi." Hakuna namna. Akaomba shoka. Hakutaka mkono mwingine uukate.

Jengo likaisha, jeupe, madirisha ya kijani. Watu walitoka hata Mwandiga kuja kulishangaa. Lilipendeza kweli, nami sikuweza kulitazama bila uchungu.

Meli ilipopiga honi bandarini, nilipanda paani na chai. Niyibizi alikuwa amesimama pale ulipokuwa mti, mikono ameinua juu, vidole ameviachanisha kama matawi.

"Shuka, baba. Utaanguka."

Hakushuka. "Njoo usimame na mimi, mama Wema. Mtu mmoja haonekani mbali."

Nikaweka birika chini. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, nikasimama kando yake na kuinua mikono. Mabega yakauma, nikavumilia. Abiria wakateremka na mafurushi yao, wakapanda barabara, wakapita mbele ya jengo letu. Wengine walisimama kuisifu rangi yake. Hakuna aliyetazama juu.